Sirili na Maji Yanayopanda

Sirili wa Kibosho hakuwa mtu wa kupenda magari. Kazi yake ilikuwa maji, na maji aliyoyajua yeye yalipita kwenye mfongo wa Maimu, mfereji uliochimbwa na Maimu huyo, babu wa babu yake. Ulianzia kwenye kijito cha msituni, ukazunguka mabega ya vilima, ukavuka makorongo kwa magogo yaliyochongwa matumbo, hata ukafika kwenye vihamba, mashamba yanayozunguka nyumba, na kunywesha migomba na kahawa. Kila mwenye kihamba alikuwa na zamu yake ya maji, na mwenye kuangalia zamu, kingo na vizuizi alikuwa Sirili, kama alivyokuwa baba yake kabla yake.

Watu walisema ana jicho la maji. Akisimama mahali ambapo mfongo mpya unatakiwa kupita, hakupima kwa kamba wala kwa fimbo. Alimimina maji kidogo kutoka kwenye kibuyu, akachuchumaa, akayatazama yanavyojitafutia njia, kisha akaonyesha kwa mkono: huku. Wachimbaji walianza kuchimba bila kuuliza. Usiku wa mvua aliweza kulala fofofo radi zikipiga, lakini mfongo ukipasuka mbali huko juu na mlio wake ukabadilika, aliamka mara moja na kutafuta jembe lake.

Ujana wake aliumalizia vitani. Wajerumani walipopigana na Waingereza alichukuliwa kubeba mizigo, akateremshwa Kahe na kupita mbele zaidi, nchi za joto ambako alikunywa maji ya madimbwi na kuota kila siku maji ya kwao. Aliporudi alikuwa mifupa na ngozi. Akabatizwa, akamwoa Justina, msichana wa Kibosho aliyelelewa na shangazi yake huko Kahe, wakapata binti mmoja, Flavia, ambaye sasa alikuwa ameolewa Uru. Tangu kurudi kwake, Sirili hakutaka tena kwenda mbali. Alipoulizwa kwa nini, alijibu kwamba maji yanakuja kwake kila asubuhi, na yeye hana sababu ya kuyafuata.

Gari ndilo lililomfuata.

Ilikuwa miaka ile ya hamsini ya mwanzo, kahawa ilipokuwa inapendwa kweli kweli huko inakopelekwa, na nyumba za bati zilikuwa zinachipuka vihambani kama uyoga. Remigius, mtoto wa baba mdogo wa Sirili, mtu mwenye mwili mkubwa na kicheko kikubwa zaidi, akanunua gari la Mgiriki mmoja aliyekuwa anafunga mashamba yake na kurudi kwao. Lilikuwa gari kuukuu, la zama ambazo hata Mgiriki huyo alikuwa kijana: refu kama kabati, magurudumu yake yenye njiti za mbao, pua yake ya shaba iliyofifia. Halikuwashwa kwa ufunguo, bali kwa kuzungushwa hendeli hapo mbele, na dereva asiyejua kuondoa mkono haraka aliweza kuvunjika kifundo. Remigius alilipenda kama mtoto wa mwisho. Aliliteremsha Kahe kwenye shamba lake la mahindi, akalipandisha na magunia, akalipeleka Moshi mjini, na Jumapili akawapakia bibi wazee kwenda kanisani.

Tabu ilikuwa moja. Kila lilipopanda kutoka Moshi, likivuka mto Karanga na kuanza kuukabili mlima, lilianza kunguruma, kisha kupumua, kisha kutoa mvuke puani. Na lilipofika kwenye kona iliyo chini ya kihamba cha Sirili, pale ambapo mfongo wa Maimu ulipita chini ya barabara kwenye daraja la magogo, lilisimama na kufoka. Watu wakaliita Birika.

Siku ya kwanza lilipochemka hapo, Sirili alikuwa anazibua majani kwenye mdomo wa daraja. Akamwona mwanamume mwembamba, kofia ya vito kichwani na mikono ya shati imekunjwa, anateremka na debe mkononi kuelekea kwenye maji.

"Unatafuta nini huko?" Sirili akamwuliza.

"Shikamoo mzee. Natafuta maji. Gari limechemka."

"Marahaba. Na maji ukiyaona unayachota tu?"

Yule mtu akaliweka debe chini. "Nisamehe mzee wangu. Mimi mtu wa mjini. Kwetu maji yanatoka bombani, hakuna wa kumwomba."

Jibu hilo lilimfurahisha Sirili. Akalichukua debe mwenyewe, akalijaza, akalipeleka hadi barabarani. Hivyo ndivyo alivyojuana na Mashaka, dereva wa Remigius.

Mashaka alizaliwa Moshi mjini. Baba yake alikuwa Mmanyema aliyekuja na kazi za reli, mama yake Mpare, na yeye alikua akizungumza Kiswahili nyumbani na kujifunza Kichagga sokoni. Ufundi aliupata kwenye gereji ya Mhindi mmoja karibu na stesheni. Alikuwa mtu wa sala tano, mpole kwa watu na mkali kwa vyuma. Gari kumshinda lilikuwa jambo la kumnyima usingizi, na Birika lilikuwa linamshinda.

Likawa jambo la kawaida. Gari lilichemka, Sirili akasikia, akashuka. Wakakaa ukingoni wakisubiri injini ipoe, kwa sababu maji baridi yakimiminwa kwenye chuma kilichoiva chuma hupasuka, na Mashaka akaeleza amefanya nini wiki hiyo. Amebadilisha mkanda wa feni, kwani ule wa zamani ulikuwa unateleza. Amechezea kile kijiti cha kwenye usukani kinachowahisha moto wa plagi, maana moto ukichelewa injini hupata joto bure. Ameinua magurudumu moja moja kuona kama breki zinashika zenyewe, yakazunguka vizuri. Amefungua kifuniko cha rejeta, hiyo pua ya kupoozea maji, injini ikiwaka, akatafuta mapovu, kwa sababu mapovu yangemwambia kwamba moto unavuja kuingia kwenye maji. Hakuona hata moja.

"Basi ni nini?" Sirili akauliza.

"Mzee, ningejua nisingekuwa nimekaa hapa nakula ndizi zako."

Remigius, aliyekuwa nyuma ya gari anawatuliza bibi wawili waliovaa nguo za kanisani, akapaza sauti: "Ni uzee! Hata mimi nikipanda kilima hiki natoa mvuke!"

Bibi wakacheka. Mashaka hakucheka.

Ikaja siku moja asubuhi, jua limetoka vizuri na mlima uko wazi, Mashaka akaja na gari tupu. Remigius alimpa nafasi ya mwisho: alishinde, au liuzwe kama chuma chakavu. Aliliegesha mapema karibu na kona, kabla halijachemka, akaliacha linanguruma taratibu, akafungua kile kifuniko cha shaba juu ya pua. Sirili akasogea. Miezi yote hiyo alikuwa amemimina maji humo bila kuchungulia.

"Njoo uone," Mashaka akasema. "Usiiname sana, mvuke hauna adabu."

Sirili akachungulia. Ndani mlikuwa na giza, na katika giza hilo maji yalikuwa yanang'aa. Yalikuwa yanakwenda. Yalitoka kwenye tundu upande wa injini, yakapita juu taratibu, kisha yakazama kwenye vijibomba vingi vyembamba kama mirija ya kunywea pombe.

"Yanatoka wapi?"

"Chini. Ndani ya injini. Yanapanda kwa hili bomba la mpira, yanaingia hapa."

"Nani anayapandisha?"

"Hakuna."

"Kuna mashine."

"Magari mapya yana pampu. Hili halina. Angalia mwenyewe, hakuna kitu." Mashaka akainama, akamwonyesha bomba la juu na bomba la chini. "Ni moto tu, mzee. Maji yakipata moto yanakuwa mepesi, yanapanda. Yakifika huku juu upepo wa feni unayapiga, yanapoa, yanakuwa mazito, yanashuka kwa hivi vijibomba mpaka chini, yanaingia tena kwenye injini. Yanapata moto tena. Yanapanda tena. Yanakwenda hivyo hivyo muda wote injini inapowaka."

 Sirili akaweka mkono juu ya madigadi ya gurudumu.

"Rudia," akasema.

Mashaka akarudia, neno kwa neno.

Mtu mwingine angesema, kumbe, akaenda zake. Lakini Sirili alikuwa ameishi umri wake wote na maji, na maji aliyoyajua yalikuwa na tabia moja tu. Yalishuka. Ufundi wote wa ukoo wake, jasho la Maimu na wanawe, vidole vilivyopondwa na mawe, kijana aliyeanguka korongoni wakati wa kutundika gogo la kupitishia maji, vyote vilitokana na hilo: huwezi kuyaambia maji yapande. Unaweza kuyabembeleza yashuke polepole tu, yazunguke kilima, yakupitie mlangoni. Na hapa, ndani ya gari bovu la Mgiriki, kulikuwa na mfongo usio na mwanzo wala mwisho, maji yakipanda na kushuka bila mtu, bila zamu, bila jembe.

Alijisikia kama siku baba yake alipompeleka msituni mara ya kwanza, akiwa mdogo, kumwonyesha pale maji yanapoachana na kijito na kuingia kwenye mfongo wao. Siku ile alitaka kulia na hakujua kwa nini. Sasa alikuwa na mvi, na ilikuwa vile vile.

Jioni hiyo alikaa jikoni kwa Justina, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akaitazama sufuria ya uji. Uji ulipoanza kupata moto, aliona chembe za ulezi zinapanda katikati, zinatawanyika juu, zinateremka pembeni, zinapanda tena.

"Unatafuta nini kwenye sufuria yangu?" Justina akamwuliza.

"Mama Flavia, umeona hizi chembe?"

"Naziona tangu nizaliwe."

"Zinapanda."

Justina akamtazama, akagusa paji la uso wake kuona kama ana homa.

Kesho yake Sirili alimkuta Mashaka bado yuko kwa Remigius, amelala chini ya gari, miguu tu inaonekana. Akachuchumaa, akasalimia miguu.

"Mwanangu, nimewaza. Kama huu ni mfongo, basi umeziba."

Sauti ikatoka chini ya gari. "Rejeta? Mgiriki alisema alitengenezewa upya. Ndiyo maana sikuishughulikia."

"Mimi simjui Mgiriki. Mfongo ukiziba, juu ya kizuizi maji yanafura, chini yake panakauka. Hapa huwezi kuona. Utajuaje?"

Mashaka akatoka, uso umejaa grisi, akakaa kitako. Akawa kama mtu aliyekumbuka kitu alichokiweka mahali akakisahau. "Kwa mkono," akasema. "Gereji tulikuwa tunapapasa. Pale panapopita maji panapata joto. Pasipopita panabaki baridi."

Wakawasha injini. Wakangoja ipate uvuguvugu tu, isifike kuunguza. Kisha Mashaka akapapasa upande mmoja wa pua ya gari na Sirili upande mwingine, viganja vikishuka polepole juu ya zile bati nyembamba, kama watu wanaopapasa ng'ombe mwenye mimba.

Upande wa Mashaka ulikuwa na joto juu, na joto likapungua vizuri kuelekea chini. Sirili akafika katikati ya upande wake, akasimama.

"Hapa ni baridi," akasema. "Baridi kama jiwe la mtoni."

Mashaka akaleta mkono wake pale pale. Akausogeza chini, akausogeza kando. Sehemu kubwa ya upande ule, kuanzia katikati mpaka chini, ilikuwa haina habari na moto. Wakatazamana. Mashaka akaanza kutabasamu, tabasamu la kwanza Sirili kuliona kwake tangu wajuane.

Wakaifungua rejeta. Ilikuwa kazi ya asubuhi nzima, kwa maana nati za zamani hazitaki kusumbuliwa. Waliibeba wawili hadi ukingoni mwa mfongo, wakaigeuza kichwa chini, wakaimiminia maji. Kilichotoka kilikuwa udongo mwekundu, mwororo, mzito.

Sirili akaukinga kiganjani. Aliujua. Ulikuwa udongo wa kingo za mfongo wake mwenyewe, ule unaochukuliwa na maji wakati wa masika. Debe kwa debe alikuwa amelilisha gari lile kihamba chake.

"Ni wa kwetu," akasema kwa sauti ndogo.

"Basi lina shamba," Mashaka akasema, na safari hii akacheka kweli.

Walidhani wamemaliza. Wakairudisha rejeta mahali pake, wakajaza maji yaliyochujwa kwa kitambaa, Mashaka akaliteremsha gari mpaka Karanga na kulipandisha tena. Sirili alisimama kwenye kona akisikiliza. Akalisikia linakuja, linanguruma, linapita mahali pake pa kwanza pa kupumua bila kupumua. Kisha, mita chache kabla ya daraja, likatoa mvuke.

Mashaka alishuka akakaa kwenye kidato cha kupandia gari na kuweka kichwa mikononi. Remigius, aliyekuwa amekuja kushangilia, akaanza kuzungumzia bei ya chuma chakavu.

Justina ndiye aliyeona. Alikuwa ameshuka na kibuyu cha maji ya kunywa, akapita kando ya karai walilotumia kukingia maji ya rejeta yakiwa ya moto. Jua lilikuwa limelikausha, na chini, chini ya utando mwekundu, palikuwa na maganda meupe. Akayaokota, akayavunja kwa kidole.

"Shemeji Remigius, hili gari linakunywa wapi likiwa Kahe?"

"Kisimani. Kile cha karibu na shamba. Maji yake yana chumvi chumvi, lakini gari halina ulimi."

"Kwa shangazi yangu sufuria zote zilikuwa na ukoko huu. Maji ya huku kwetu hayana. Ya kule ukiyachemsha yanaacha mawe." Akamgeukia Mashaka. "Mmeosha tope. Mawe bado yamo, yamegandia kwenye mirija."

"Na shangazi yako alikuwa anautoaje huo ukoko, mama?"

Justina akasita, akamtazama dereva na kofia yake. "Kwa pombe iliyochacha."

Mashaka akafikiri. Akasema kwamba Mhindi wake alikuwa akitumia siki, na siki ni kitu kikali hivyo hivyo. Basi kama ni kwa ajili ya chuma na si kwa ajili ya koo lake, Mungu atamwelewa.

Mbege, pombe ya ndizi na ulezi, iliyochacha haikukosekana. Justina alikuwa na mtungi uliosahauliwa tangu sikukuu, wenye harufu ya kutoa machozi. Kesho yake asubuhi akaichuja kwa kitambaa mara mbili, asiachie hata chembe ya ulezi, wakaipasha moto, wakaimimina puani mwa gari, na Mashaka akawasha injini. Baada ya muda harufu ya mbege ya moto ikaenea kijijini. Wanaume waliokuwa wanapalilia wakatokeza migombani mmoja mmoja, wakauliza ni kwa nani kuna shughuli. Walipoambiwa ni gari linakunywa, wakakaa kabisa wasiondoke.

"Bwana Mashaka," akasema mmoja, "gari lako limeshakuwa Mkatoliki."

"Mimi bado," Mashaka akajibu, na watu wakaangua kicheko.

Waliiacha mbege humo mpaka mchana, wakazima, wakafungua chini. Ilitoka ya rangi ya maziwa machafu, na ndani yake vipande vyeupe kama maganda ya mayai. Wakatia nyingine. Ikatoka hivyo hivyo. Wakasafisha kwa maji mpaka harufu ikaisha, maana kitu kikali kinachokula ukoko kitakula na risasi iliyounganishia mirija kikiachwa. Mwisho wakajaza maji safi, wakawasha, wakangoja uvuguvugu, wakapapasa tena. Viganja vya Sirili vilishuka upande ule mzima. Joto lilikuwa linapungua polepole, vizuri, kutoka juu hadi chini, bila shimo.

Mashaka akafungua kifuniko. Sirili akachungulia.

Maji hayakuwa yanapita tena kwa uvivu kama alivyoyaona siku ile. Yalikuwa yanakuja. Yalibubujika kutoka kwenye lile tundu, yakajikunja, yakazama, na mengine yakawa nyuma yake yanasukumana kuingia. Sirili alibaki ameinama mpaka uso wake ukalowa mvuke, na Justina akamvuta shati. Kisha naye akachungulia. Na wale wanaume wote, mmoja mmoja, kofia mikononi, kama watu wanaopita mbele ya altare.

Remigius hakuweza kusubiri. Akasema wapande sasa hivi, na wasiishie kwenye kona, wapande mpaka barabara itakapokataa. Sirili akawekwa kiti cha mbele. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa ndani ya gari. Alishika mlango kwa mikono miwili, akawa hasikilizi maneno ya Remigius, wala hatazami vihamba vinavyopita. Alikuwa anatazama ile pua ya shaba, akijua kinachoendelea ndani yake.

Walipita daraja la mfongo. Hakuna mvuke. Walipita misheni, wakapita vihamba vya mwisho, barabara ikawa njia ya wakata magogo, nyembamba, yenye mizizi. Gari likanguruma, likanguruma, likapanda. Ukungu ukaanza, hewa ikawa baridi, miti ikawa mirefu yenye ndevu. Mwishowe njia ikakatika mbele ya gogo lililoanguka, na Mashaka akazima injini.

Kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa. Halafu ndani ya kimya kile wakasikia maji.

"Ni pale," Sirili akasema. "Njooni."

Akawapeleka kwa miguu, mwendo mfupi, mpaka kwenye kijito. Hapo palikuwa na mawe yaliyopangwa na watu waliokufa zamani, yameota kuvu, yakiyagawa maji: mengi yakaendelea na kijito, machache yakageuka kushoto, yakaingia kwenye mfereji usio mpana kuliko jembe, yakaanza safari yao polepole kuzunguka kilima. Mashaka alikuwa hajawahi kufika huko. Mlima huu alikuwa ameuona kila asubuhi ya maisha yake kutoka mjini, barafu yake ikiwa kama kitambaa kilichoanikwa mbali. Ulikuwa kitu cha kuangalia. Sasa alikuwa amesimama ndani yake. Alipoinua kichwa, ukungu ukafunguka kati ya matawi, na Kibo, kilele cha barafu, ikawa pale, karibu, kubwa kiasi kwamba ilibidi arudishe shingo nyuma kuimaliza. Iling'aa kwa jua la alasiri na haikuwa na sauti yoyote.

Akavua kofia bila kujua. Akachuchumaa, akaingiza mkono majini, na baridi ikamkimbia mpaka begani.

"Subhanallah," akasema. "Mzee, yanatoka kule juu yote haya?"

"Kule, na msituni, na mawinguni. Baba alisema hivyo."

"Na kwenda mawinguni yanapandishwa na nini?"

 Sirili akaitazama barafu, akatazama mawingu yanayoinuka kutoka nchi tambarare huko chini kwa joto la mchana, upande wa Kahe, yakipanda taratibu kuufuata mlima. Alikuwa ameyaona yakifanya hivyo kila siku tangu utotoni. Akafanya ishara ya msalaba, akakaa juu ya jiwe. Walikaa hapo wote, hata Remigius, mpaka jua lilipoanza kuwaacha.

Birika halikuchemka tena. Remigius alikataza kabisa maji ya kisima cha Kahe, akawa anateremka na madebe ya maji ya mlimani, na watu wa Kahe walimcheka kwamba amelizoesha gari anasa. Liliendelea hivyo kwa miaka kadhaa, mpaka njiti za magurudumu zikaliwa na mchwa, likawekwa chini ya mgomba na kuku wakataga ndani yake. Sirili alipokuwa na nafasi, alikuwa akipita gereji za Moshi na Mashaka, kuchungulia mapua ya magari ya watu. Mafundi walimzoea. Walimwita Mzee wa Rejeta, wakamwekea kigoda. Nyumbani, vijana wa ukoo walipokuja kujifunza kazi ya mfongo, aliwaweka kwanza mbele ya sufuria ya Justina, akawaambia watazame na wasiseme kitu.

Mwaka mmoja, baada ya mavuno, Mashaka alipanda na lori jipya la Remigius, kubwa, jekundu, linalowaka kwa kubonyeza. Alilisimamisha kwenye kona kwa makusudi ili mzee alione. Sirili, ambaye sasa alitembelea fimbo, aliomba afunguliwe kifuniko. Akachungulia. Maji yalikuwa yanapita kwa nguvu, povu tupu.

"Yanakwenda mbio," akasema.

"Lina pampu, mzee. Kuna kitu kinayasukuma."

"Aa." Sirili akaendelea kutazama kwa heshima, kama mtu anayeonyeshwa mtoto wa jirani. Akarudisha kifuniko mwenyewe, akakikaza, akapiga piga boneti kwa kiganja. "Ni zuri. Lina haraka, lakini ni zuri. Kaa ule, Mama Flavia ameivisha."

Kisha akachukua jembe lake, kwa sababu zamu ya maji ya kihamba cha chini ilikuwa imefika.